Mzaliwa wa Kwanza wa Semeni

Mimi si mtu wa kuharibu msiba wa watu. Siku tuliyomzika shangazi yangu Elinaja nilikuwa nimejiahidi kukaa kimya, kula nilichopewa na kurudi kwangu Themi jua likiwa bado lipo. Nilikaa chini ya turubai na sahani ya pilau mapajani, viatu vimejaa tope la migombani, wakati mbwa mmoja mwekundu alipopita katikati ya viti akitafuta mifupa. Mkwe wetu mmoja, kijana mwenye adabu zake, ana nyumba yenye ukuta mrefu mjini na mbwa wawili wa Kijerumani wanaokula vizuri kuliko mlinzi wake, akamsukuma kwa ncha ya kiatu. "Hivi huku hamfugi mbwa wa maana?" akauliza. "Hawa si mashenzi tu hawa?" Watu wakacheka kile kicheko kidogo cha msibani. Mimi nikaweka sahani chini. "Baba," nikamwambia, "huyo ana ukoo wake, na mimi ninaujua kuliko unavyoujua wa hao wako. Shangazi tuliyemzika leo aliwahi kusimamisha kanisa zima kwa ajili ya mbwa wa aina hiyo." Akanitazama kuona kama natania. Sikuwa natania, na kwa kuwa msibani hakuna nafasi ya kusema yote, nimeamua kuyasema hapa kwa raha zangu, bila mtu wa kuniambia gari linaondoka.

Kwanza nieleze mbwa mwenyewe alivyo, maana wengi wamemwona na wachache wamemtazama. Ni mbwa wa kimo cha goti. Rangi yake ni nyekundu ya udongo wa Meru baada ya mvua, kifua cheupe, na miguu minne imevaa soksi nyeupe. Masikio yamesimama. Paji la uso lina makunyanzi, kwa hiyo hata akiwa mtoto anaonekana ana mashaka na wewe. Mkia umejikunja juu ya nyonga moja, na wazee walikuwa wakibishana mchana kutwa kama mbwa mzuri ni wa kujikunja kulia au kushoto. Mimi nimeona wazuri wa pande zote mbili na wajinga wa pande zote mbili. Manyoya yake ni mafupi na hanuki, anajilamba kama paka mpaka ang'ae. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo utaona madume yanashuka hata kutoka Ngurdoto. Habweki ovyo. Sisemi kwamba ni bubu, sauti anayo, tena ya ajabu, kama mtu anayeanzisha pambio kanisani kisha akaona haya katikati. Na hafungwi. Ukimfunga kamba mwezi mmoja umemharibu. Utabaki na mbwa wa kubwekea wapita njia, na wa namna hiyo wamejaa kila mahali. Ukitaka kuchagua mtoto wa kuwinda, mnyanyue kwa ngozi ya shingo. Akilia, mpe mtu amfugie mlangoni. Akinyamaza, mfungue mdomo umtazame kaakaa. Likiwa jeusi, usimwonyeshe jirani.

Haya yote niliyajua katika mwaka mmoja, mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne. Nafasi ya chuo cha ukatibu muhtasi ilikuwa inanisubiri mjini mwaka ule ukiisha, na kabla ya hapo nikapelekwa kukaa na shangazi, aliyekuwa amefiwa na mume na hana mtu wa kumsaidia shamba. Nyumba yake ilikuwa juu ya Maji ya Chai, mbali na barabara, mahali ambapo kahawa na migomba vinaisha na msitu wa mlima unaanza. Nilifika jioni, nimechoka, na sikupelekwa sebuleni bali moja kwa moja jikoni. Nikilikumbuka jiko lile hata leo macho yananiwasha: mbao nyeusi kwa moshi, mafiga matatu, mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moto yasiliwe na wadudu, na upande wa pili wa ukuta mbuzi wanasikika wanatafuna. Kati ya moto na mtungi wa maji alilala mbwa mwekundu. Shangazi akapakua loshoro, yale mahindi yaliyopondwa kwa maziwa mgando, sahani ya kwanza kwangu kwa kuwa nilikuwa mgeni. Sahani ya pili nikadhani ni yake. Akaiweka chini kwa mbwa. Yeye akala mwisho, kilichobaki kwenye sufuria.

"Unashangaa nini?" akaniuliza. "Huyu amefanya kazi leo. Wewe umekaa kwenye gari."

Mbwa aliitwa Semeni. Huko kwetu jina la mbwa lilikuwa njia ya kumjibu jirani bila kugombana naye. Unasimama uani, unamwita mbwa wako kwa sauti, na anayehusika anasikia. Kulikuwa na Mtachoka mtaa wa chini, na Hayawahusu karibu na mashine ya kusaga. Marehemu mume wa shangazi alimpa Semeni jina hilo kwa sababu majirani walidai anampenda mbwa kuliko ng'ombe. Alikuwa anampenda kuliko ng'ombe, hilo shangazi hakulikana. Kabla ya kufa aliita ndugu zake na kusema mbwa abaki na mke wake, jambo ambalo halikuwahi kusikika, kwa kuwa mbwa wa kuwinda walirithiwa na wanaume kama mikuki. Ndugu walikubali kwa sababu hakuna anayebishana na mtu aliye kitandani. Baada ya arobaini wakaanza kukumbuka kwamba hawakuwa wamefikiri vizuri.

Jumapili moja walikuja baada ya ibada, shemeji yake shangazi aitwaye Mzee Naftali pamoja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mimi nilikuwa jikoni nachuja chai ya maziwa, na mlango nilikuwa nimeuacha wazi kidogo kwa makusudi. Napenda kusikiliza, sijawahi kuficha tabia hiyo, na karibu kila jambo la maana ninalolijua nimelisikia nikiwa nachuja chai. Mzee Naftali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwindaji hodari kuliko wote waliobaki, mtu mrefu mwenye koti la kijivu alilovaa kiangazi na masika, na alijua mbwa kuliko alivyojua watoto wake.

"Shemeji, mimi sikufukuzi," alikuwa anasema. "Hapa nyumbani ni pako. Lakini lile shamba la juu, la mpakani na msitu, linataka mwanaume na mbwa. Wewe una mbwa tu."

"Basi nimebakiza nusu," shangazi akajibu. "Wangapi hapa wana nusu?"

Wazee wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Lakini walipomaliza kucheka wakaamua, na uamuzi wao niliusikia vizuri nikiwa nimeshika chujio hewani. Maadamu mbwa wa marehemu, au uzao wake, yupo na analinda, shamba la juu ni la mjane. Siku mbwa akikosekana, shamba linarudi kwa Naftali, na shangazi atabaki na kahawa ya chini tu. Kahawa ile ilikuwa imezeeka na shangazi mwenyewe alisema inazaa kwa huruma. Chakula chetu cha mwaka mzima kilitoka shamba la juu. Kwa hiyo tangu siku ile nilijua kwamba tunakula kwa miguu minne ya Semeni, na nikaacha kushangaa mpangilio wa sahani.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuwinda msituni. Msitu ni wa serikali na mpaka wake tuliuheshimu. Asiyeuheshimu ni nguruwe pori. Anashuka wakati mahindi yanabeba, anaangusha bua zima ili ale gunzi moja, kisha anahamia kwenye magimbi. Tulitoka alfajiri, shangazi na panga, mimi na debe, na Semeni mbele yetu akiwa na kengele ya mbuzi shingoni, imesokomezwa majani ndani ili isilie. Tukifika ukingoni mwa shamba shangazi anatoa majani, anamgusa mgongoni, na mbwa anaondoka. Baada ya hapo huoni kitu. Unasikiliza. Kengele ikilia mbio, nguruwe anakimbia. Ikilia mahali pamoja, mbwa anamzunguka. Ikinyamaza kabisa, nguruwe amesimama na Semeni amesimama mbele yake, wanatazamana, na hapo ndipo unapotakiwa kufika, tena ukitokea chini, ukipiga debe, ukimwachia nguruwe njia ya kurudi msituni. Kosa la wageni ni kumkatia njia ile.

Wiki za kwanza nilikuwa napiga debe kwa woga, ovyo, kama mtu anayefukuza ndege. Kufikia mahindi kutoa ndevu nilikuwa naweza kusimama nimefumba macho nikakuambia nguruwe yuko mstari gani. Nilikuwa hodari, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Darasani nilikuwa wa katikati, kanisani sauti yangu ilikuwa ya kujazia kwaya, lakini pale mpakani, na umande hadi magotini, niligundua kuna jambo moja duniani ninaloliweza kuliko watu wengi. Msichana wa umri ule akigundua jambo kama hilo hawezi kurudi alivyokuwa. Hata wanawake wa usharika walianza kuniuliza habari za nguruwe, kwa kuwa shamba la usharika, lile ambalo mavuno yake yalilisha wajane na kulipia bati za kanisa, lilipakana na letu, na lenyewe halikuwa na mbwa.

Kisha asubuhi moja kengele ikanyamaza, tukafika tukitokea chini kama inavyotakiwa, na nguruwe hakukimbia. Alikuwa jike mwenye watoto nyuma yake kwenye magimbi, na sisi hatukujua. Semeni alijua, nadhani, kwa sababu hakurudi nyuma. Aliraruliwa ubavu na paja la nyuma kabla shangazi hajarusha panga. Shangazi alivua kitenge chake, akamfunga mbwa mgongoni kama anavyobebwa mtoto, na akashuka naye katikati ya kahawa huku damu inamtiririka kwenye sketi. Tulimshona kwa sindano tuliyoichemsha. Bwana mifugo alipofika mchana alisema ameshonwa vizuri, akamchoma sindano, akampapasa tumbo kwa muda mrefu. Ana mimba, akasema. Huenda ikatoka. Isipotoka, iwe ya mwisho, na mbio ndiyo basi.

Jumatano ilikuwa zamu yetu ya ibada ya jumuiya. Wanawake walijaa sebuleni, na Semeni amelazwa juu ya gunia karibu na mlango, anapumua kwa shida. Shangazi alikuwa mtu wa malimbuko. Mkungu wa kwanza kuiva ulikwenda kanisani, yai la kwanza la tetea mpya lilikwenda kanisani, ndama wa kwanza wa ng'ombe wake alikwenda kanisani, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo alipoanza kuomba kwa sauti, machozi yanamtoka, mdomo wake ulipita njia iliyoizoea. "Bwana," akasema, "ukimponya huyu na kumpa kuzaa, wa kwanza kutoka ni wako." Wanawake wakaitika amina. Nami niliitika amina. Ilikuwa sala nzuri, na hakuna mtu mle ndani aliyefikiria zaidi ya hapo.

Semeni alipona, akabaki anachechemea. Alizaa asubuhi, nyuma ya mafiga, wakati tunakunywa uji. Wa kwanza kutoka alikuwa jike, mwekundu, mwenye soksi nne na kifua cheupe. Shangazi alimgeuza, akaangalia, akakaa kwenye kigoda. Wa pili alikuwa dume. Waliofuata walitoka wamekufa. Na kwa desturi, mwenye dume lililopanda anachukua mtoto mmoja wa kiume, na dume lililopanda lilikuwa la Mzee Naftali. Nilikuwa bado nimeshika bakuli la uji nikiyapanga haya kichwani, na kila nilivyoyapanga yaliishia mahali pamoja. Mama hawezi tena kukimbia wala kuzaa. Dume ni la Naftali. Jike ni la Mungu.

"Ni jike," nikasema.

"Naona."

"Shangazi, Mungu anafuga mbwa?"

"Mungu hafugi hata kuku, na mbona tunampelekea."

"Si umwambie tu ulikuwa umechanganyikiwa?"

"Alinisikia vizuri," shangazi akasema. "Na wanawake wa jumuiya walinisikia vizuri zaidi."

Alinikataza kumpa mtoto yule jina, eti si wetu. Nilimkasirikia kwa wiki kadhaa, hasira ya kugongagonga vyombo. Nilimwona kama mtu anayetoa ardhi yake kwa sababu ya sentensi moja, na nikamwambia hivyo. Alinisikiliza, akamaliza kumenya ndizi, akaniambia mtu aliyezoea kutimiza neno lake wakati halimgharimu kitu, hajui bado kama ni mkweli. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile na bado naona alikosea kuahidi. Lakini kwamba alitimiza, hilo nimemheshimia maisha yangu yote, na yapo mambo kadhaa katika ndoa yangu na katika biashara yangu ambayo nisingeyaweza kama nisingemwona akimenya zile ndizi.

Mzee Naftali alikuja kuwaona watoto walipofungua macho. Alimnyanyua dume, naye akalia, mzee akamrudisha. Akamnyanyua jike kwa ngozi ya shingo, naye akanyamaza, akamtazama tu kwa lile paji lake lenye mashaka. Naftali akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Nilimwona mzee yule mrefu akibadilika uso. Alimweka chini polepole, akajifuta mkono kwenye koti, akaiacha chai yake ipoe. "Shemeji," akasema mwisho, "siku ya mnada wa kanisani nitakuwepo." Hakuhitaji kusema zaidi. Akimpata na jike, atakuwa na wote wawili, sisi hatutakuwa na hata mmoja, na mahindi ya mwakani yatakapobeba yatakuwa ya kwake.

Asiyetoka kwetu huenda hajawahi kuona mnada wa kanisani. Watu wanaleta walichovuna, na baada ya ibada vitu vinatolewa nje na kunadiwa, fedha inaingia kwenye sadaka. Siku ya sikukuu ya mavuno ni siku ya furaha kuliko Krismasi. Mnadishaji alikuwa Mwalimu Zakayo wa kwaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Aliuza yai kana kwamba ni nyumba. "Yai la Bwana hili! Ndani kuna kuku, ndani ya kuku kuna mayai!" Mtu analinunua, analirudisha mnadani, linauzwa tena, watu wanapiga makofi. Mikungu ya ndizi ilikwenda, maziwa yakaenda, beberu mmoja akaenda baada ya kula utepe wa mezani. Shangazi alikuwa amesimama na kikapu kilichofunikwa kitenge. Zamu yake ilipofika akafunua, na mtoto wa mbwa akatoa kichwa akautazama usharika mzima.

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye miwani, akainua mkono. "Hapana," akasema. "Mbwa hapana. Maandiko yanakataza bei ya mbwa kuingia nyumbani mwa Bwana, tena yanakataza waziwazi."

"Ni nadhiri," shangazi akasema.

"Nadhiri ya mbwa!"

"Mimi nilimwahidi Mungu, sikukuahidi wewe. Yeye hajaniambia amekataa."

Mabishano yakawaka. Wengine walisema arudi naye nyumbani, na moyo wangu ukaruka, lakini wanawake wa jumuiya wakasema wao walisikia na waliitika amina, na amina haifutwi. Mchungaji wetu, kijana aliyekuja mwaka ule ule na bado anaogopa wazee, aliweka mikono nyuma akatembea mpaka kwenye ua wa masale, ile mimea ya kupandia mipaka, na kurudi. Kisha akatoa hukumu ambayo naiona mpaka leo kuwa ya mtu mwenye akili. Nadhiri itimizwe, mbwa anadiwe. Ila anadiwe nje ya ua, na kitakachopatikana kisiguse madhabahu wala sanduku la sadaka. Kiende moja kwa moja kwenye shamba la usharika. Mzee mwenye miwani akatafuta kasoro, akaikosa. Usharika mzima ukatoka nje ya ua, wachungaji wa mbuzi na waimba kwaya, ukamzunguka mtoto wa mbwa.

Mwalimu Zakayo alikuwa hajawahi kunadi mbwa, ila hakuonyesha. Mzee Naftali akafungua kwa bei ya mbuzi. Watu wakaguna, maana mbwa walikuwa wanagawiwa kwa jogoo tu. Hakuna aliyeongeza, na sura ya shangazi ilikuwa imefungwa kabisa. Yeye hakuruhusiwa kununua alichotoa, kila mtu alilijua hilo. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na sketi niliyovaa na nafasi ya chuo. Nilisikia Mwalimu Zakayo akisema mara ya kwanza, na nikasikia sauti yangu, ile ya kujazia kwaya, ikitoka peke yake.

"Mimi nitalilinda shamba la usharika. Mwakani, msimu mzima. Mimi na huyo mbwa."

Wanaume wakacheka. "Binti, hiyo ni shilingi ngapi?" akauliza mzee mwenye miwani.

Mama mmoja wa umoja wa wanawake akamgeukia. "Mwaka huu pale tumevuna mabua," akasema. "Wewe ndiye utuambie mabua ni shilingi ngapi."

Mchungaji akakohoa. "Kitakachopatikana ni cha shamba," akasema. "Na kulinda shamba ni cha shamba. Endelea, Mwalimu."

Naftali akanitazama, na sikuona hasira machoni mwake, niliona anapima, kama alivyompima yule mtoto. Akapanda mpaka bei ya ndama. Ndama alikuwa bati nyingi, na hata wale mama waliokuwa upande wangu wakaanza kutazama paa la kanisa. Mwalimu Zakayo akafuta jasho. "Mara ya kwanza," akasema. Akaniangalia kwa huruma. "Mara ya pili."

"Ongeza, Penina."

Alikuwa shangazi. Hakuwa amenitazama, alikuwa ametazama mbele kama mtu aliye kwenye kiti cha kanisani.

"Sina cha kuongeza, shangazi."

"Ongeza. Kitu cha Bwana hakiondoki kwa bei ya kutupa."

Nilimtazama mtoto wa mbwa. Nikafungua mdomo bila kujua kitatoka nini, na kilichotoka kilikuwa kile kile nilichokuwa nimemlaumu nacho wiki zote zile. "Na mzaliwa wake wa kwanza," nikasema. "Akizaa, wa kwanza kutoka nitamleta hapa."

Mama wa umoja wakapiga vigelegele. Mwalimu Zakayo, ambaye sasa alikuwa amepata sauti yake, akamgeukia Naftali. "Mzee wetu! Shamba msimu mzima, na mzaliwa wa kwanza juu yake! Na wewe unamtoa mzaliwa wa kwanza?"

Angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa neno tu, na jike lingekuwa lake, na shamba la juu pamoja nalo. Lakini Mzee Naftali alikuwa mtu wa mbwa. Alimwangalia mtoto yule, nadhani akamwona akiwa mkubwa, akamwona amezaa, akamwona wa kwanza ananyanyuliwa kwa shingo na kunyamaza. Akatikisa kichwa. "Huyo simtoi," akasema. "Huyo simtoi hata kwa askofu."

"Mara ya tatu!" akapiga kelele Mwalimu Zakayo, akagonga sufuria.

Shamba la juu likabaki la shangazi. Chuo kilinisubiri mwaka mwingine, na baadaye kikaacha kunisubiri, na sijakikumbuka sana. Siku ile tulipanda kurudi nyumbani shangazi akiwa mbele na kikapu, mimi nyuma, mpaka tulipopita mashine ya kusaga. Nilitaka anisifu. Alisimama, akatua kikapu, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mjinga wewe," akasema. "Ungesema wa pili."

"Na wewe mbona hukusema wa pili?"

"Mimi nilikuwa naomba, mwanangu," akasema, na midomo yake ilikuwa inacheza kwa kuzuia kicheko, au kilio, sikuweza kujua. "Wewe ulikuwa unanunua. Anayenunua anatakiwa awe na akili."